Vyungu vya Ilesi, Mwaka wa 2003

Nilipomweleza mjomba wangu kule Mombasa kwamba nasomea shahada ya uzamili katika utamaduni wa vifaa, aliweka chini kikombe chake cha kahawa akaniuliza kama serikali imekosa kazi mpaka inawalipa watu kutazama masufuria. Nilicheka, lakini swali hilo nililisikia tena na tena mwaka ule wa 2003: kwa konda wa basi, kwa karani aliyenigongea muhuri kibali cha utafiti, hata kwa wenzangu wa uchumi na sheria waliokuwa na hakika kwamba nitamaliza masomo nikiwa muuza vinyago.

Taaluma yenyewe ilikuwa bado changa kila mahali. Huko London, jumba la makumbusho la Victoria and Albert na Royal College of Art walianza kufundisha uzamili wa historia ya usanifu mwaka wa 1982 tu. Kwetu Nairobi, Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ilianza mwaka wa 1970, Profesa Bethwell Ogot akiwa mkurugenzi wake wa kwanza, na uchunguzi wa vitu vya kila siku ukapata kipembe chake humo. Vitabu tulivyovitegemea vilienea kwenye mkoba mmoja: *Kenyan Pots and Potters*, kilichohaririwa na Jane Barbour na Simiyu Wandibba mwaka wa 1989, *Material Culture of Kenya* cha Sultan Somjee, cha 1993, na *Tribal Crafts of Uganda* cha Margaret Trowell na Klaus Wachsmann, cha 1953, ambacho nakala yake ilikuwa imeshikwa na watu wengi mno hata jalada likabaki uzi mtupu.

Sisi kizazi cha 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka wa 1985, tulikuwa tumekutana na somo hilo utotoni bila kulijua jina. Ikifika siku ya sanaa na ufundi tuliambiwa tulete mkeka, kikapu au chungu tulichokitengeneza kwa mikono yetu wenyewe. Nusu ya vikapu vya darasa letu vilitoka soko la Kongowea, na vingine vilisukwa na bibi zetu usiku kwa mwanga wa chemli. Vilipangwa mezani, vikapewa alama, na hakuna aliyeuliza ni nani hasa aliyevisuka. Miaka mingi baadaye, nilipoingia katika taaluma ya watu wazima, nilikuta meza ni ile ile.

Nilichagua Kakamega kwa sababu ya mtu mmoja na barabara moja. Mtu ni Gregory Maloba, mchongaji aliyezaliwa Mumias mwaka wa 1922. Trowell alimfundisha Makerere. Maloba akaunda sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, kisha katika miaka hiyo ya 1960 akahamia Nairobi kufundisha usanifu chuo kikuu. Nilitaka kuiona nchi iliyomlea. Barabara ni ile iendayo Kisumu, ambayo kilomita chache kusini ya mji wa Kakamega inapita Ilesi, kwa wanawake wanaofinyanga.

Basi la usiku lilinishusha alfajiri, nikiwa na sweta moja ambayo mtu wa Mombasa huiona kubwa mno mpaka afike Kakamega. Asubuhi jua lilichoma, na alasiri mvua ikashuka na radi zake. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine baada ya hiyo, hata nikazoea kupanga kazi zangu zote kabla ya saa nane. Nilipanga chumba Amalemba. Bodaboda zilikuwa bado baiskeli, na kiti cha abiria kilishonewa kitambaa chenye shada za nyuzi za rangi. Uchaguzi wa Desemba 2002 ulikuwa umepita miezi michache tu. Kibaki alikuwa Ikulu, shule za msingi zilikuwa zimefunguliwa bila karo Januari, na makamu wa rais alikuwa Michael Kijana Wamalwa, mwana wa Magharibi. Katika bustani ya Muliro watu walibishana siasa kwa furaha ambayo sijaiona tena hapa nchini.

Kabla sijakanyaga Ilesi nilishinda sokoni. Somjee alikuwa ametufundisha, kwa kitabu chake, kwamba kitu hujifunzwa mahali kinapofanya kazi, na soko la Kakamega lilikuwa na kitu kimoja kilichokuwa kikifanya kazi kuliko vyote: gorogoro. Huo ni mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia, ambao ukiisha mafuta huanza maisha mapya kama kipimo cha mahindi, maharagwe, mtama na wimbi. Aliyeusanifu kiwandani alifikiria mafuta yasivuje na karatasi ya nje ivutie. Aliyeusanifu mara ya pili alikuwa muuzaji. Niliushika mmoja nikaugeuza: kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo taratibu, kikabonyea ndani kwa upana wa kidole, bila kuchanika. Mdomo ulikuwa umelainishwa kwa jiwe usije ukakata mkono. Mteja naye alikuwa na usanifu wake: aliutikisa mkebe ili nafaka ishuke, akadai kilima juu, na muuzaji akakipangusa kilima kwa kiganja kabla hakijakua. Bei iliyotajwa ilikuwa moja, lakini kiasi kilitokana na mikono hiyo miwili. Na wanunuzi wa siku zote walijua mkebe wa nani umegongwa na wa nani haujagongwa.

Siku ya Ilesi nilipanda matatu, nikashuka karibu na Jiwe Linalolia, mwamba mrefu uliobeba jiwe jingine kichwani, na maji yakichirizika ubavuni. Wageni hushuka hapo kupiga picha. Kando ya lami vyungu vilikuwa vimepangwa kwa saizi, vikubwa nyuma, vidogo mbele, na kati yao vitu ambavyo vitabu vyangu havikuwa vimevitaja: vyungu vya maua vyenye miguu mitatu, vibanda vya ndege, tembo mdogo aliyetoboka mgongoni apandwe maua.

Mwanamke mzee aliyekuwa amekaa kwenye gunia alinitazama nikiandika. "Mulembe," akasema. Nikamjibu, na lafudhi yangu ikanifichua. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa, akawaita wenzake waje wasikie Kiswahili kinachoteleza kama mrenda. Kila mtu pale alimwita Kukhu, bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliniuliza kama nataka kununua. Nikamweleza shughuli yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Basi mwanangu, kesho uje na nguo ya kuchafuka. Huwezi kujua chungu kwa kalamu."

Udongo ulichimbwa bondeni karibu na mto, wa aina mbili, mmoja wa kijivu unaonata na mwingine mwekundu wenye chembe. Tuliubeba kwa magunia, tukauanika, tukautwanga, tukauchagua vijiwe na mizizi, kisha tukaulowesha na kuufunika kwa nailoni ulale. Kukhu hakuwa na mizani. Aliuchanganya kwa kuukanyaga, akaonja kwa vidole, akaongeza mchanga, akaonja tena. Nilipomuuliza kipimo chake ni kipi, alinipa donge nilisokote liwe mkia na kulizungusha kidoleni. Langu lilipasuka. Lake lilizunguka kidole likakaa. "Hicho ndicho kipimo," akasema. Mchanga, alinieleza, ni kwa ajili ya chungu cha kupikia: udongo laini mtupu hupendeza macho, lakini ukiuweka motoni hupasuka, kwa sababu hauna mahali pa kutanukia. Chungu cha maji kinataka mchanga kiasi kingine, kijasho chake kitoke nje na maji yabaki baridi. Darasani tungeliita jambo hilo uhusiano wa malighafi na matumizi, tukalipa ukurasa mzima.

Kufinyanga kwenyewe kulianzia kwenye kigae. Aliweka kitako cha chungu kilichovunjika chini, akatandaza donge ndani yake, kisha akaanza kupandisha ukuta kwa mikia ya udongo, mmoja juu ya mwingine, akiibana kwa gumba ndani na kuilainisha nje kwa kipande cha kibuyu. Kigae kilizunguka alipokisukuma; gurudumu halikuwepo wala halikuhitajika. Ukuta ukifika kimo fulani aliuacha upumue, akaenda kwa kingine, ili sehemu ya chini ikaze kabla ya kubebeshwa ya juu. Mwisho ulikuja mdomo. Hapo hakukizungusha tena chungu. Aliinama, akakunja jani bichi juu ya ukingo, akaanza kutembea kinyumenyume akikizunguka, jani likiteleza kati ya vidole vyake, mpaka akarudi alipoanzia. Kisha kamba fupi iliyosokotwa ikabiringishwa shingoni, ikaacha mstari wa alama ndogo ndogo zilizolala upande mmoja. Alama za namna hiyo ndizo wanaakiolojia huzifuatilia wanapopanga historia ya watu wa ukanda huu. Vyungu vya Urewe, vilivyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948 na Mary na Louis Leakey pamoja na Archdeacon Walter Owen, vilipata jina kutoka mahali palipo Siaya, jirani tu. Nilimsimulia Kukhu kwamba watu walifinyanga ukanda huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hakushangaa. Aliuliza kama walikuwa wakilipwa vizuri.

Nilikuja na kadi. Kila mwanafunzi wa vifaa alikuwa nazo, na mpangilio wake tuliurithi kutoka kwa makumbusho ya zamani: jina la kitu, kabila, mahali, malighafi, matumizi, vipimo, tarehe ya kukusanywa, jina la mkusanyaji. Jioni moja mkaza mwana wa Kukhu, aliyekuwa amesoma hadi kidato cha nne, alizichukua akazisoma kwa sauti huku wengine wakimenya mahindi. Alisoma: chungu cha maji, Waluhya, Ilesi, udongo, kuhifadhi maji. Akasoma jina langu. Akaigeuza kadi kutazama nyuma, akairudisha mbele. "Na Mama yuko wapi hapa?" akauliza. Aliuliza bila uchungu, kama anayetafuta bei kwenye risiti. Kadi ilikuwa na nafasi ya mtu aliyekichukua chungu, na ya kabila zima, lakini aliyekifinyanga hakuwa na mstari.

Siku ya kuchoma nilipata jibu la swali ambalo kadi hazikuliuliza. Wanawake wa boma kadhaa walichoma pamoja ili kuokoa kuni. Walianza asubuhi, kabla mvua haijakumbuka kazi yake. Vyungu vilipashwa moto kwanza, vimeuzunguka moto mdogo, unyevu uishe. Kisha vikarundikwa juu ya kuni, midomo ikitazama chini na pembeni, vikafunikwa majani makavu mpaka visionekane. Moto ulipopanda tulirudi nyuma sote. Hakuna aliyezungumza sana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akisikiliza. Chungu kikipasuka hutoa mlio mkavu, na mlio uliposikika wanawake walitazamana, kila mmoja akitumaini ni cha mwenzake na akiona haya kutumaini hivyo. Baada ya saa moja na zaidi majani yalikuwa majivu, na vyungu vikaopolewa kwa miti mirefu, vyekundu, vikiwa na madoa meusi pale moto ulipokosa hewa.

Vilipopoa vikaanza kugawanywa. Havikuwa na alama ya rangi wala herufi, na machoni pangu vilikuwa vya baba mmoja mama mmoja. Wanawake walipita katikati wakiokota vyao bila kusita, na hakukuwa na ugomvi hata mmoja. Nilimsihi Kukhu anioneshe. Akashika vitatu. Cha kwanza mdomo wake ulikuwa na kipenyo sawa kila upande, kwa sababu aliyekifinyanga hutembea kukizunguka. Cha pili mdomo ulizama kidogo upande mmoja, kwa sababu mwenyewe hukaa na kukizungusha chungu, na mkono wake wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto. Cha tatu alama za kamba zililala kinyume: mfinyanzi alikuwa mashoto. "Wewe umesoma," akaniambia, "hujui mwandiko wa watu?"

Tangu siku hiyo utafiti wangu ulibadilisha swali. Badala ya kuuliza chungu hiki ni cha kabila gani, nikawa nauliza nani aliamua kiwe hivi, na kwa nini. Swali hilo lilifungua milango. Kwa nini vyungu vikubwa vya busaa vilikuwa vichache? Kwa sababu wapishi wa busaa walihofia msako, na askari wakija huvunja. Chungu cha wastani unaweza kukificha shambani. Kwa nini shingo za vyungu vya maji zilikuwa zimepanuka? Kwa sababu watu sasa huchota kwa kikombe cha plastiki chenye mkono, si kwa kata, na mkono wa kikombe unataka nafasi. Kwa nini vyungu vya maua vilikuwa vizito chini? Kwa sababu mteja wa gari hukiweka barazani, na upepo ukikiangusha atarudi kulalamika. Tundu la chungu cha maua ndilo lililomchekesha Kukhu kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa akipambana na tundu, na sasa watu walikuwa wakimlipa alitoboe kwa makusudi.

Halafu kulikuwa na jiko. Katika miaka ya 1980 mpango wa nishati wa serikali na shirika la Kijerumani la GTZ ulitoa jiko la kuni lenye kiini cha udongo uliochomwa, likasambazwa na Maendeleo ya Wanawake na kuitwa kwa jina lao. Katika miaka ya 1990 shirika la ITDG likafanya kazi na vikundi vya wanawake wafinyanzi wa Magharibi, na jiko likajulikana kama Upesi. Kiini chake kinajengewa kwa matope jikoni, kina mlango wa kuni na vishikizo vitatu vya sufuria, na sifa yake kubwa ilikuwa kupunguza kuni. Kukhu alilifinyanga pia, lakini kwa kalibu. Kipimo cha mlango kilikatwa kwa kigezo cha bati, kwa sababu mlango ukiwa mkubwa moto hupotea, na ukiwa mdogo kuni hazipiti. Alikiheshimu kigezo kile, ila hakukiogopa. Alinionesha viini viwili: kimoja sawasawa na kigezo, kingine kimeongezwa unene kwenye vishikizo. Wapishi wa Ilesi, alisema, husonga ugali wa watu wengi, na sufuria ikisukumwa kwa mwiko vishikizo vyembamba huvunjika. Marekebisho hayo hayakuandikwa kwa jina la mtu. Yalijulikana kwa wanawake waliopika, basi.

Wahenga wetu wa pwani husema mfinyanzi hulia gaeni, nami nilitamani kuona kama ni kweli. Jikoni mwa Kukhu kulikuwa na sufuria za alumini za kusongea ugali, thermos ya chai yenye maua, na chungu kimoja kilichokuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi katikati. Hicho hakikuwahi kwenda barabarani. Ndani yake likhubi na mrenda vilipikwa kwa munyu wa kienyeji, ule unaochujwa kwenye majivu, na mboga zikalala humo hadi kesho yake zikipata ladha. Nilimwambia methali. Akasema wahenga wa kwetu walikuwa wanamwonea mfinyanzi huruma bure: chungu chenye ufa ndicho alichokipenda kwa sababu hakuna mteja angekitaka, kwa hiyo ndicho pekee kilichokuwa chake.

Alasiri za mvua nilizitumia kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kakamega na kwenye vitabu. Nilisoma juzuu mbili za Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti Kavirondo Kaskazini katika miaka ya 1930. Zilichapishwa 1949 na 1956, na hadi leo msomi wa Magharibi hawezi kuzikwepa. Nilisoma juu ya dhahabu iliyogunduliwa 1931, na jinsi mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilivyoibadilisha sheria ya ardhi ya 1930, iliyoahidi kwamba mwenyeji akiondolewa atapewa ardhi nyingine, ili wachimbaji wasicheleweshwe. Kulikuwa na majina ya wachimbaji, namba za leseni, mipaka ya viwanja. Watu waliochimba, waliopika na waliochota maji walikuwa idadi tu. Niliona kwamba kadi yangu ilikuwa na wazazi.

Tarehe 23 Agosti redio ilitangaza kwamba Wamalwa amefariki London. Soko lilinyamaza kwanza, kisha likaanza kulia. Siku zilizofuata isukuti ilisikika usiku na mchana, ngoma ambayo kwa Waisukha na Waidakho haikosekani katika harusi wala matanga. Nilikwenda kuitazama kwa jicho la kazi yangu hata katika huzuni ile: gogo lililochimbwa, ngozi ya kenge iliyokazwa juu yake, ngoma tatu za saizi tofauti, kubwa hadi ndogo. Mpigaji mmoja alinieleza kwamba kenge wamekuwa adimu kando ya mito, na ngozi ikichanika anaishona badala ya kuibadilisha. Mshono huo umeibadilisha sauti ya ngoma yake, na vijana wanaojifunza kwake sasa wanaitafuta sauti ile ile katika ngoma mpya. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona uokoaji wenyewe, na ulikuwa sindano na uzi mkononi mwa mtu.

Tasnifu ilipokaribia kwisha nilisoma sura moja katika kongamano. Msomi mmoja aliisifu sehemu ya vyungu vya maji, akanishauri niondoe vyungu vya maua na majiko, kwa kuwa si vya asili. Nilimjibu kwa Igor Kopytoff, aliyeandika mwaka wa 1986 kwamba vitu vina wasifu kama watu, hupita mikononi na kubadilika hadhi. Lakini jibu lililonisaidia zaidi lilikuwa la Kukhu. Nilikuwa nimemuuliza kipi kati ya vitu vyake ni cha zamani hasa. Alifikiri, akasema udongo ni wa zamani na mikono ni ya zamani. "Hivi vingine vyote," akasema, "nilivifanya juzi." Sura ilibaki nzima, na kwenye kila picha ya tasnifu niliandika jina la aliyefinyanga, kwa ruhusa yake, mbele ya jina la kabila.

Miaka imekwenda. Chuo kilichoanza Kakamega mwaka wa 1972 kama Western College kilikuwa, nilipoishi pale, tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Baiskeli zimekuwa pikipiki. Kukhu ametangulia mbele ya haki, na mkaza mwana wake ndiye anayekaa kwenye gunia. Mimi nafundisha, na katika mhadhara wa kwanza huwaonesha wanafunzi picha mbili. Ya kwanza ni chombo cha Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akajifunza kupandisha udongo kwa mkono kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja, Nigeria, akasoma Royal College of Art, na mwaka wa 2020 akapewa cheo cha Dame huko Uingereza. Vyombo vyake hupandishwa bila gurudumu, na kila makumbusho inayomiliki kimoja hutanguliza jina lake. Ya pili ni chungu kutoka Magharibi ya Kenya katika makumbusho ya Ulaya. Kimepandishwa kwa mkono vilevile, lakini maelezo yake ni kabila tu.

Mradi wa kutafuta vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, uliofanywa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wasanii wa Nairobi na makumbusho za Cologne na Frankfurt, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000, na mwaka wa 2021 ukafanya maonyesho Nairobi. Wanafunzi wangu hukasirika wakiiona idadi hiyo, na wana haki. Huwa nawaomba waigawanye hasira yao. Nusu waielekeze kwa waliovibeba vitu hivyo, na nusu kwa kadi zilizoandikwa wakati aliyekitengeneza kitu alikuwa hai, jirani, na angeweza kuulizwa. Mengi ya majina hayo hayapatikani tena. Ya Ilesi yanapatikana: wafinyanzi wana simu, na wakipigiwa hupokea. Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea kadi iliyoandikwa "mtengenezaji hajulikani" kwa chungu alichokinunua wiki iliyopita kando ya barabara ya Kisumu, namrudishia, na namwambia nauli ya kwenda Ilesi ni yake mwenyewe.